Mwaka ulioandikwa kaburini Gedi: ni ushahidi wa nini hasa?

Kijana wa Langoni, Lamu: Assalaam alaikum. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, nilionyeshwa kaburi lililochorwa kwenye lipu mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Je, mwaka huo watosha kutujulisha mji ulijengwa lini?

Mwalimu, Malindi: Wa alaikumu salaam, ndugu yangu. Hautoshi. Wathibitisha kwamba wakati huo palikuwa na watu waliozikana kwa heshima na fundi aliyejua kuandika Kiarabu. Umri wa mji wenyewe hutafutwa ardhini, katika tabaka za udongo na vigae, vikiwemo vya vyombo vya China.

Bi Mkomani: Mwalimu asema kweli. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 wa Hijria (1107), ilhali sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya katika karne ya 18, kwa hiyo anayeutwika ukuta mzima mwaka huo atakosea kwa zaidi ya miaka 600.

Kijana wa Langoni, Lamu: Shukran. Na makaburi ya nguzo yasiyo na maandishi?

Mwalimu, Malindi: Hutazamwa mabakuli yaliyopachikwa kwenye nguzo, ingawa bakuli huenda lilirithiwa miaka mingi kabla ya kupachikwa.