Naomba ushauri: Zohali inatoroka kwenye darubini foleni ikiwa bado ndefu

Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Klabu yetu inaonyesha watu nyota bure, tuna darubini moja tu aina ya Dobson yenye kioo cha upana wa inchi 8, ya kusukuma kwa mkono. Nikiweka lenzi ya kuchungulia ya mm 10, inayokuza mara 120, Zohali (ile sayari yenye pete) inatoka nje ya duara la kuonea ndani ya dakika moja hivi sababu dunia inazunguka, sasa mtoto akigusa bomba kidogo tu ndo imepotea, anachungulia giza halafu kwa adabu anasema nimeiona, inaniuma sana aisee. Nimejaribu mm 25, inakaa zaidi ila pete zinakuwa ndogo mno. Je, ninunue lenzi ya uwanja mpana (inayoonyesha eneo kubwa zaidi la anga) au stendi yenye mota ya kuifuata sayari yenyewe? Na nyie mnahakikishaje mtu kaiona kweli?