Re: Nani anaweza kumsomea binti yangu insha ya mazoezi ya ACT?

Ndugu zangu, habari za siku nyingi.

Binti yangu yuko darasa la 11, na huu ni mwaka wetu wa pili tu Marekani. Amejiandikisha kufanya ACT, ule mtihani wa kuombea vyuo, pamoja na ile sehemu ya insha. Nyumbani anatega saa dakika 40, anaandika kwa penseli, akimaliza ananiletea. Kiingereza chake kimenizidi, basi namwambia "vizuri sana, mwanangu," na yeye hataki sifa, anataka kujua angepata ngapi. Nikampa mwenzangu wa kazini aisome. Ilirudi imejaa wino mwekundu kila mstari. Mtoto alilia, na siku tatu hakugusa penseli. Wenzangu mmefanyaje? Na hiyo insha ni ya lazima?

Mama wa watatu

---

Dada yangu, pole, na mpe binti pole yangu.

Insha si lazima. Alama yake husimama peke yake, haiingii kwenye ile alama kuu ya 1 hadi 36. Angalieni kila chuo anachokitaka kama kinaidai kabla hujalipia sehemu hiyo.

Kama ataifanya, ni vizuri mjue inavyosahihishwa. Wasomaji wawili huipa alama 1 hadi 6 katika maeneo manne: mawazo na uchambuzi, kuzijenga hoja kwa mifano, mpangilio, na matumizi ya lugha. Alama zao hujumlishwa, na wakitofautiana kwa zaidi ya alama moja, anaitwa msomaji wa tatu. Tazama hapo: lugha ni eneo moja kati ya manne. Wino wote ule mwekundu ulimwagwa kwenye robo ya kazi, na zile robo tatu hakuna aliyemwambia lolote.

Nimewasomea vijana wetu kadhaa, na kosa ninalokutana nalo mara nyingi halimo kwenye sarufi. Wanaandika insha kama tulivyofundishwa sisi: fasili ya mada, faida, hasara, kisha mstari wa mwisho kabisa "kwa maoni yangu." Kule ilitupa alama nzuri. Huku swali linakuletea mitazamo mitatu, linataka utoe wa kwako, uutetee, na uonyeshe unahusianaje na angalau mmoja kati ya ile mitatu. Msomaji anayefika mwisho ndipo ajue umesimama upande gani amesoma karibu insha nzima gizani. Na lipo jambo la malezi pia. Watoto wetu wamefunzwa kutomkatalia mtu waziwazi, kwa hiyo wanaisifu mitazamo yote mitatu na kuondoka.

Mpwa wangu alifanya hivyohivyo. Mada ilikuwa ile ya mfano waliyoitoa ACT wenyewe, kuhusu mashine zenye akili zinazochukua kazi za watu. Aliandika kurasa mbili safi, hakuna kosa la kuonea aibu, wala hakuna alichosema. Nikaifunika karatasi nikamuuliza kwa Kiswahili: "Wewe unaonaje?" Akajibu papo hapo: "Mama akipiga simu hospitali anajibiwa na mashine, hawezi kuieleza anaumwa wapi, mpaka nirudi shule nimsemee." Nikamwambia insha yako ndiyo hiyo. Ule mtazamo unaosema mashine hufanya kazi vizuri kuliko watu na kuleta neema kwa wote sasa alikuwa na la kuujibu: kazi ile haikupungua, ilihamia kwa mtoto wa mteja.

Kwa hiyo usimwambie mtu "niangalizie hii." Mpe insha pamoja na swali lenyewe, mwambie iliandikwa kwa dakika 40, na umuulize mambo matatu tu. Ni sentensi ipi iliyokujulisha msimamo wangu? Ni wapi ulitamani mfano? Ni aya ipi ukiifuta hakipungui kitu? Lugha ije mwisho, na ni yale makosa yanayojirudia tu. Kwetu sisi mara nyingi ni vile vineno "the" na "a" ambavyo Kiswahili hakina, na "he" na "she" kubadilishana kwa sababu tumezoea "yeye." Makosa mawili ya kufanyia kazi kwa wiki yanamtosha mtoto. Arobaini yanamvunja moyo.

Kuhusu alama, ACT wameweka kwenye tovuti yao insha za mfano za kila ngazi, 1 hadi 6, zikiwa na maelezo. Aziweke kando ya yake aone inakaa wapi. Kisha aiandike upya insha ileile kabla ya kuanza nyingine. Wengi wanaruka hatua hii, na maoni yote yanabaki pembezoni mwa karatasi.

Aanze kwa mwalimu wake wa Kiingereza, amwombe mapema, insha moja tu. Na kwa kuwa bado anajifunza lugha, muulizeni mshauri wa shule kuhusu msaada wa ACT kwa wanafunzi kama yeye, ukiwemo muda wa ziada. Maombi hupitia shuleni, kwa hiyo msingoje.

Nawe unaweza kumsikiliza, dada. Akunje karatasi, akusimulie insha yake kwa Kiswahili kwa dakika mbili. Usipoelewa anabishana na nani, na msomaji hataelewa.

Kaka yenu

---

Nyongeza fupi: akifanya kwa karatasi, awe na penseli ya kawaida namba 2. Ya kubofya hairuhusiwi, wala kalamu ya wino. Na mwandiko usomeke, insha isiyosomeka haipati alama.

Baba wa mapacha

---

Kaka, asante sana, na wewe baba wa mapacha.

Jana usiku alinisimulia. Dakika ya kwanza yote alikuwa anaeleza teknolojia ni nini. Nikamuuliza, "Sasa unamkatalia nani?" Akanyamaza, akaniangalia, akachukua karatasi yake akarudi chumbani. Leo asubuhi nimeona ameifuta aya ya kwanza yote, na juu ya ukurasa kuna sentensi moja inayoanza na "I disagree." Jumatatu anampelekea mwalimu wake, na yale maswali matatu ameyaandika nyuma ya karatasi kwa mkono wake.

Mama wa watatu