Fundi kala laki na themanini yangu, kisha kamwambia mama mkwe avae soksi

Wakuu, leo sisalimii. Nitasalimia kesho nikipoa.

Yule fundi mnamjua. Jina sitaji, nisije nikafungiwa, ila hapa Arusha kuanzia Ilboru mpaka Ngaramtoni hakuna nyumba ambayo hajaiachia kidonda. Yule wa "nipo njiani sista" huku nyuma unasikia jogoo wa kwao. Huyo huyo.

Nyumba tunayopanga ilijengwa na mzungu aliyeogopa baridi ya Meru. Akaweka boila ya kuni uani na rejeta ukutani kila chumba, maji ya moto yanazunguka ndani ya mabomba. Mwaka jana Julai nilikuwa nakaa na kanga moja. Mwaka huu rejeta ya sebuleni juu inaunguza, chini baridi kama jiwe la mtoni. Ya chumba cha wageni ndiyo kabisa, humo unahifadhi sato wiki nzima. Na humo ndimo alimo mama mkwe. Katoka Tanga. Kwao hata shuka ni mzigo, hapa kajifunika mablanketi matatu na shuka la Kimasai juu, inaonekana pua tu.

Fundi tuliagana saa mbili, kaja saa nane. Kaizunguka rejeta kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani, kaigonga na spana, katoa hukumu: "Hii imeziba." Sasa mimi nilimwita kwa sababu inaimba? Kalegeza nati ya chini bila hata kuomba beseni. Wakuu, kilichotoka si maji. Ni uji mweusi, kama oili chafu ya Fuso, unanuka chuma, ukatambaa juu ya zulia langu la rangi ya maziwa ukaingia chini ya kochi. Yeye kasimama anautazama: "Eeh, limekomaa." Kafunga, kajaza maji mapya, kahesabu pesa mara mbili, kaondoka.

Usiku rejeta ile ile, ubaridi ule ule. Nikampigia, nikaweka spika ili mama naye asikie nisije nikaonekana mzembe. Kosa la maisha yangu.

"Sista, baridi ya Julai ni ya Mungu hiyo. Mwambie bibi avae soksi."

AVAE SOKSI!

Zulia limekuwa ramani ya Afrika, laki na themanini imekwenda, avae soksi. Na mama mkwe, mtu ambaye wiki nzima hajasema neno zaidi ya "ahsante mwanangu", akatoa kichwa kwenye blanketi akauliza polepole: "Kumbe dawa yake soksi? Na zile laki zilikuwa za nini, mwanangu?"

Sijalala. Nikifumba macho nasikia soksi.

Mangi Mkavu: Picha ya zulia, la sivyo hii ni chai.

Chalii wa Kijenge: Mjomba huyo alinifungia sinki. Nikifungua jikoni, yanatoka bafuni. Ulipompigia, jogoo alikuwepo?

Mleta uzi: Alikuwepo. Aliwika baada ya neno soksi.

Sista Tangawizi: Tusiruke hatua. Una rejeta ukutani, Tanzania hii, na unatafuta huruma kwetu tunaooga maji ya ndoo?

Bomba la Zamani: Pole ya zulia dada. Kazi hizo nimezifanya Uingereza, ngoja nikuambie. Juu baridi chini moto ni hewa, unalegeza kale kavali ka juu inapumua, basi. Juu moto chini baridi ni tope limekaa kitako. Na huo weusi ni rejeta yenyewe, chuma kinaliwa na oksijeni ya kwenye maji, unga wake unashuka chini. Tafuta sumaku ya spika mbovu uisogeze kwenye hilo tope, utaona linavyoifuata. Sasa maji yakizunguka yale yale muda mrefu, oksijeni inaisha na kutu inapoa. Ukiongeza mapya umeitengea chakula. Nani alikuwa anaongeza maji?

Mleta uzi: Mlinzi. Kila Jumamosi. Kuna mahali panavuja kidogo.

Bomba la Zamani: Kwa amri ya nani?

Mleta uzi: Hiyo si mada. Mada ni soksi.

Mangi Mkavu: 😂😂 Mama mkwe ajulishwe.

Bomba la Zamani: Zibeni panapovuja kwanza. Rejeta zitoke ukutani moja moja, zipelekwe uani, zipigwe maji ya mpira mpaka yatoke meupe. Ukijaza upya weka dawa ya kuzuia kutu, na kwenye bomba linalorudi kwenye boila weka chujio la sumaku.

Baba Wawili Sakina: Maji ya mpira yapi? Kwetu wiki ya pili bomba linakohoa tu, na bili imekuja nzima.

Chalii wa Kijenge: Hewa nayo inazungusha mita, mzee. Unalipia upepo.

Sista Tangawizi: Na yakija yana floraidi. Tazama meno yetu tuliokulia chini ya Meru, kahawia tupu, ukienda Dar wanakuuliza unavuta nini.

Wa Kiboriloni: Hamieni Moshi.

Baba Wawili Sakina: Moshi ipi? Julai wingu linawakalia wiki nzima, mlima wenyewe mnauona kwenye kalenda.

Wa Kiboriloni: Ila soko la Memorial tunalo. Soksi za sufu za wapanda mlima, mtumba wa nguvu, nzito kama blanketi.

Mleta uzi: Za mguu mdogo zipo? Ni za mama.

Wa Kiboriloni: Zipo. Wahi asubuhi, mchana wanapandisha bei.

Baba Wawili Sakina: Jamani, Sakina bomba limeanza kukohoa tena. Kuna mtu yametoka kwake?