Mtaro tuliupima wenyewe, leo nikiomba mchoro wake naambiwa "lete barua"

Wakuu, mods naomba msiunganishe uzi huu na zile nyuzi za mafuriko. Mimi siongelei mvua. Naongelea makaratasi.

Mwaka 2018 nilikuwa mmoja wa vijana waliozunguka mitaa ya Dar na Ramani Huria. Kama huijui, ni ule mradi uliowakusanya wanafunzi wa vyuo na wenyeji wa kata, tukaingiza vichochoro, visima na mitaro kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni, aone yeyote bila kulipa. Nimeingia kwenye maji machafu hadi magotini na futikamba mkononi, mwenzangu juu ananiandikia: upana, kina, mtaro umeziba au haujaziba.

Kuna bibi mmoja alinishika mkono akaniingiza hadi chumbani kwake, akaweka kidole ukutani juu kidogo ya swichi ya taa. "Mwanangu, yaliishia hapa." Alama ya tope ilikuwa bado inaonekana chini ya rangi mpya. Nikapima, nikajaza kwenye simu. Hakuna aliyemwambia yule bibi alete barua.

Sasa njooni mwaka jana. Mkandarasi kaingia mtaani kwetu kujenga mtaro wa zege, tukashangilia. Mtaro ukateremka vizuri, ukafika kwenye ukuta wa jamaa mmoja mwenye geti jeusi, ukafia hapo. Hauna kalavati wala pa kutokea. Ramani ile ya bure inaonyesha mkondo wa maji unakunja kushoto, hata mwenye bando la mia tano anauona. Wao wakapeleka zege kulia. Mvua ya kwanza tu, maji yakaruka ukingo yakaingia kwa watu ambao miaka yote walikuwa hawaguswi.

Nikaenda ofisi moja, siitaji, wenye kuijua mtaijua. Nikaomba mchoro na mchanganuo wa gharama. Wakaniambia nilete barua. Nikaleta, ikagongwa muhuri. Kurudi: "Faili limepanda kwa bosi." Kurudi tena: "Limeshuka, ila halina dokezo." Mara ya nne dada wa masijala akaniambia barua yangu haionekani, niandike nyingine na ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa. Nakala yenye muhuri wao ninayo mkononi, naye anaitazama!

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ipo tangu 2016, na inawapa siku 30 za kujibu. Mimi nilifika siku ya 97. Siku hiyo afisa mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Kijana, hata ukiupata huo mchoro utaufanyia nini?" Nitaulaza juu ya ramani, mzee. Dakika mbili tu tunajua nani alikosea.

Mwisho nikapewa PDF. Kurasa 14 zilizoskaniwa kutoka kwenye fotokopi ya fotokopi, zimelala upande, ukurasa mmoja una kidole gumba cha mtu. Jedwali la gharama lililomo lilizaliwa kwenye Excel. Kuna mtu ameliprinti, likapigwa mihuri, likaskaniwa, ndipo nikakabidhiwa. Mchoro hamna. Na hapo eti nimepewa taarifa.

Hii tabia haikuanza kwao. Tanzania ilijiunga na Mpango wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi (OGP), ule wa nchi zinazoahidi kuwafungulia wananchi taarifa, mwaka 2011, na Mei 2015 mkutano wake wa Afrika ukafanyika hapa hapa Dar. 2017 tukajitoa. 2018 Sheria ya Takwimu ikarekebishwa ikawa kutoa takwimu zinazopingana na za serikali ni kosa la kukupeleka jela. 2019 wakalegeza, sawa, lakini karani alishashika somo: anayetoa karatasi anaweza kujitia matatani, anayeikalia hana wa kumuuliza.

Wenzetu Kenya, Agosti 2022, tume ya uchaguzi iliweka mtandaoni fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais, za vituo zaidi ya 46,000, watu wakajumlisha kura wenyewe. Najua mtanirukia kwamba nazo zilikuwa skani. Ndiyo, lakini ziliwekwa wakati watu wanazihitaji, na hakuna aliyeambiwa apitie kwa mwenyekiti. 2024 vijana wakauchambua Muswada wa Fedha, wakautafsiri kwa lugha za makwao, wakausambaza, na Juni 26 rais akatangaza hausaini. Sisemi Kenya ni peponi. Siku moja kabla watu walipigwa risasi barabarani. Nasema tu watu walikuwa na muswada mkononi, wakajua wanabishia kifungu gani.

Sisi tunabishana na kidole gumba.

Kama kuna aliyewahi kujibiwa ndani ya siku 30, ofisi yoyote, aweke barua yake hapa, afute majina.

Na nimeambatanisha ukurasa wa 9. Wenye macho nisaidieni mstari wa saba, urefu wa mtaro: hiyo ni mita 330 au 380? Maana jana nimekwenda na futikamba yangu ya zamani, nikapima kuanzia barabarani hadi kwenye ukuta wa geti jeusi. Ni mita 212.