Dawa ya kuziba EGFR kwenye saratani ya kongosho: tiba au tunajifariji?

Mdadisi: Wakuu, dawa ya erlotinibu inaziba EGFR, kipokezi kilicho juu ya seli, ili kichocheo cha ukuaji kisipate mlango wa kuiamuru seli igawanyike. Marekani waliipitisha 2005, itolewe pamoja na jemsitabini, dawa ya kemo. Kwenye jaribio la watu 569, muda wa kuishi wa mgonjwa wa katikati ulitoka miezi 5.91 kwa jemsitabini peke yake ukafika 6.24 kwa zote mbili. Hiyo ni tiba?

Kibopa: Siku kumi! Tena za vipele na kuhara. Hizi dawa wanazing'ang'ania ndugu tu, mgonjwa mwenyewe keshachoka zamani.

Bint Mwamvua: Hilo la ndugu umelitoa wapi? Mama mdogo wangu aliidai mwenyewe, kwa kinywa chake, sisi tukiwa tunamwambia apumzike. Chunga ulimi.

Kibopa: Pole dada, lakini sijamtaja mama yako mdogo. Nimesema kwa ujumla.

Bint Mwamvua: Kwa ujumla ndiyo nini? Wagonjwa wote umewauliza?

Mzee wa Maabara: Jamani, rudini kwenye mada. Zaidi ya asilimia 90 ya uvimbe huu una jeni ya KRAS iliyoharibika, nayo iko chini ya EGFR kwenye njia ya ishara, kwa hiyo inaendelea kuiamuru seli igawanyike hata EGFR ikizibwa. Unafunga mlango wakati mwizi yuko sebuleni anakunywa chai. Setuksimabu nayo inaziba EGFR hiyohiyo, ikajaribiwa, ikagonga mwamba. Wa kukabwa ni KRAS.

Chongo: Mzee chai ya sebuleni imenimaliza 😂

Nuru77: Mbona hamsemi waliofikisha mwaka ni asilimia 23 kwa waliopewa erlotinibu, na 17 kwa wasiopewa? Na waliotoka vipele vikali ndio walioishi zaidi. Wapo walionufaika, wamefichwa ndani ya hizo siku kumi zenu.

Kibopa: Kwa hiyo tuombe vipele?

Nuru77: Wewe kila kitu ni mzaha. Ungekuwa daktari ungewaambia wagonjwa hivyo?

Kibopa: Ningewapa namba zote, waamue. Kuna madaktari wanamwita mtoto mkubwa pembeni, mwenye mwili anaambiwa "tutajaribu dawa nyingine".

Bint Mwamvua: Sasa umegeuka. Mwanzo uliwalaumu ndugu, sasa daktari.

Mdadisi: Mimi niliuliza habari ya dawa lakini. Tangu 2011 kuna folfirinoksi, mchanganyiko wa dawa za kemo: mgonjwa wa katikati aliishi miezi 11.1 dhidi ya 6.8 ya jemsitabini peke yake. Nani bado anaihitaji erlotinibu?

Mzee wa Maabara: Hiyo ni ya wenye nguvu, mwanangu. Waliodhoofika wengi hawaihimili. Na wachache ambao KRAS yao ni nzima ni habari nyingine. Hao kuzibiwa EGFR kunaweza kuwafaa. Wapimwe jeni kwanza.

Chongo: Wapimwe kwa kuambiwa au pembeni na mtoto mkubwa?

Bint Mwamvua: Kwetu mtoto mkubwa ni mimi. Na nilimwambia kila kitu.

Kibopa: Sawa, ila hujasema alijibu nini.

Bint Mwamvua: Alisema siku kumi ni zake, si zako.