Naomba ushauri: P.5 wangu 74, simu moja, nawafundishaje bayomu kwa vitendo?

Ticha_Kasese

Habari zenu waalimu na wazazi. Mimi nafundisha P.5, darasa la tano la msingi, hapa Kasese, magharibi ya Uganda, sayansi na SST (maarifa ya jamii) zote. Darasa lina watoto 74, tuna sola ndogo ya kuchaji simu, na laptopu moja ya zamani ya ofisini ambayo hedimasta ananiachia siku ya Ijumaa tu. Term hii nilitaka watoto waelewe bayomu, yaani zile kanda kubwa za dunia, msitu wa mvua, savana, jangwa, taiga (misitu ya nchi za baridi), tundra (nchi za baridi kali zisizo na miti mikubwa), kila moja na hali yake ya hewa na mimea yake na wanyama wake. Kukariri sitaki tena. Mwaka jana walikariri wote, ukiuliza tundra ni nini wanajibu kwa pamoja kama wimbo, halafu mmoja akaja mezani kwangu polepole akauliza tundra iko upande wa Mbarara ama upande wa Gulu. Iliniuma sana.

Sasa juzi nikawagawa makundi, kila kundi likatengeneza bayomu yake kwenye chupa kubwa ya maji tuliyokata shingo. Msitu tuliweka udongo mweusi, mimea midogo, tukamwagia maji tukafunga juu na kavera, mfuko wa plastiki. Jangwa mchanga mkavu, tukaacha wazi. Savana nyasi za kiwanjani. Tukazipanga dirishani juani, nikapakua programu ya kupima joto nikaweka simu pembeni ya kila chupa. Zote tatu 36! Nikaenda kuazima kipimajoto cha kioo kwa sekondari ya jirani, tukatumbukiza: msitu 43, jangwa 38. Watoto wakaandika kwenye daftari kwamba msitu una joto kuliko jangwa, na mimi sikuwa na la kuwaambia. Nimekosea wapi jameni? Na kwa vifaa hivi naweza kufanya nini cha maana?

fundi_simu_Arua

Nyabo pole. Hapo kwa simu nakujibu mimi, ndiyo kazi yangu kila siku. Simu nyingi hazina kifaa cha kupima joto la hewa kabisa, kilichomo ndani kinapima joto la betri ili simu isiungue. Hizo programu nyingine zinakusomea betri, nyingine zinachukua utabiri wa hali ya hewa kwa intaneti, ndiyo maana chupa zote namba moja. Ifute hiyo.

Nenda kwa fundi yeyote wa simu ama redio hapo mjini, muombe mita yake, ile ya kupima umeme. Mita nyingi hata za bei ya chini zinakuja na waya mwembamba wa kupima joto, una kichwa kidogo kama punje ya mtama. Unageuza kitufe kwenye alama ya C, unachomeka waya kwenye udongo, namba inatokea kubwa hata mtoto wa nyuma anaiona. Inapanda na kushuka haraka, si kama kipimajoto cha kioo mnasubiri mpaka wanachoka.

MwlMstaafu_Fort

Mwalimu mwenzangu, kipimajoto hakijadanganya na watoto wako hawajakosea, wameandika walichoona, usiwafutie. Ulichojenga si msitu. Chupa iliyofungwa ikiwekwa juani joto linaingia halitoki, ni kama gari lililofungwa vioo saa nane mchana. Kwa hiyo ulilinganisha chupa iliyofungwa na chupa iliyo wazi.

Tumia mabeseni. Moja mchanga mkavu, la pili udongo uliolowa wenye majani yaliyofunika vizuri, yote wazi, yote nje mahali pamoja. Halafu, na hili ndilo naomba ulishike, usipime mara moja. Pima saa nane mchana na upime tena saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijatoka. Mchanga mkavu utawaka mchana na usiku utapoa kabisa, wenye maji utabadilika kidogo tu, maana maji yanachelewa kupata moto na yanachelewa kupoa, na yakigeuka mvuke yanaondoka na joto. Mtoto akiona hizo namba nne ameelewa jangwa kuliko ukurasa mzima wa kitabu.

Na waambie jangwa halipimwi kwa joto, linapimwa kwa mvua. Kwa kawaida sehemu inayopata chini ya milimita 250 kwa mwaka mzima ndiyo tunaita jangwa, kwa hiyo hata Antaktika yenye barafu tupu ni jangwa. Misitu mingi ya mvua inapita 2,000. Kata chupa yenye ubavu ulionyooka, weka kokoto chini ujaze maji mpaka pale ubavu unapoanza kunyooka, hapo ndipo sifuri yako, bandika rula. Mvua moja kubwa ya hapo kwenu wakiona imejaza milimita 40 watajua wenyewe 250 kwa mwaka ni kiu ya namna gani.

baba_Hadija

Mimi ni mzazi, naongea kama mzazi. Haya yote mazuri lakini watoto wana mtihani, PLE ya kumaliza msingi haiulizi habari ya mabeseni. Silabasi ya P.5 ni Uganda, Afrika nzima wataisoma P.7, wewe unawapeleka tundra sasa hivi ya nini? Sisemi kwa ubaya, tunalipa ada kwa shida na tunataka waandike.

Ticha_Kasese

Baba Hadija asante, nimekusikia na hata hedi ameniuliza hivyo hivyo. Lakini mtoto wa P.5 anatakiwa ajue mimea na hali ya hewa ya Uganda na kwa nini Karamoja kukavu si kama msitu wa Mabira. Akielewa hiyo sababu, huko P.7 Sahara na Kongo haitamsumbua. Mimi nimesahihisha karatasi zao, naona kabisa aliyekariri swali likigeuzwa kidogo tu anapotea.

Mwl wa Fort, asante sana sana. Sikuwaza kabisa habari ya usiku.

MwlMstaafu_Fort

Basi baba Hadija nimjibu na mimi kidogo, kwa heshima. Huyu mwalimu yuko Kasese, hahitaji kuwapeleka watoto mbali. Katika nchi yetu hakuna wilaya yenye bahati kama hiyo. Wakisimama kiwanjani wakitazama chini wanaona savana ya Queen Elizabeth, tembo na swala kob. Ziwa George lina vinamasi vya mafunjo ambavyo vinatambuliwa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar, ule wa kulinda ardhi oevu, tangu 1988. Wakigeuka wakitazama juu ni Rwenzori, na huo mlima ni bayomu zimepandana kama ghorofa: msitu, halafu mianzi, halafu ile miti iliyofunikwa na kuvumwani inaning'inia kama ndevu, halafu mimea ya lobelia na senesio ndefu kuliko mtu, halafu mawe na barafu. Barafu, na mstari wa ikweta unapita wilaya hiyo hiyo!

Hesabu wanaiweza. Ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama digrii 6. Mji wa Kasese uko karibu mita 1,000, kilele cha Margherita ni mita 5,109. Asubuhi mjini ikiwa 20, kule juu ni ngapi? Waache wapige wenyewe mpaka wafike chini ya sifuri, washangae.

DadaJinja_komputa

Hiyo hesabu ya mwalimu iweke kwenye Scratch, programu ya kufundisha watoto kuipa kompyuta amri, mtaipenda!! Ina toleo la kupakua ambalo halihitaji intaneti na laptopu ya zamani mara nyingi inaliweza. Watoto wachore mlima, waweke mtu anayepanda, watengeneze kitu kinachoitwa joto kinaanza 20, kila akipanda hatua moja ya mita 1,000 joto lipungue 6, na picha ya nyuma ibadilike savana, msitu, mianzi, mpaka barafu. Mimi nilifanya na watoto 50 kwa laptopu moja, nilichofanya kila kundi liliandika amri zake kwenye vikaratasi kwanza, wakavipanga chini sakafuni, wakagombana hapo hapo hii inatangulia ile inafuata, ndipo wanakuja kwenye mashine dakika tano tano kujaribu.

Ukipata micro:bit hata moja ya kuazima ni nzuri, ni kibao kidogo kinatumia betri mbili ndogo, ila ujue nayo joto inalosoma ni la chipu yake kwa hiyo inazidi hewa kidogo, usije ukarudi kwenye shida ya simu. Mimi naipenda kwa unyevu: misumari miwili kwenye udongo, mmoja unaunganisha kwenye tundu la kibao lililoandikwa P0 mwingine kwenye la 3V, inakupa namba kati ya 0 na 1023, udongo ukilowa namba inapanda.

fundi_simu_Arua

Habari ya misumari hata mita inafanya, weka kwenye omu, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia umeme, misumari iwe mbali sawasawa kila mara, sentimita tano tano hivi. Ila hapa ni kinyume, udongo ukilowa omu zinashuka. Na usiache umeme unapita muda mrefu, misumari inaliwa na kutu, pima toa.

mama_barafu_Busia

Mimi si mwalimu, nauza barafu na soda, hiyo tundra nimeisoma hapa leo. Kama ni udongo ulioganda si friza zipo kila mahali? Mwambie mwenye duka akuwekee bakuli la udongo na maji usiku mmoja.

MwlMstaafu_Fort

Mama umetufundisha. Fanya hivyo mwalimu, halafu mwaga maji juu ya udongo ulioganda. Hayatazama, yatabaki juu. Ndiyo tundra ya Siberia hiyo: chini pameganda mwaka mzima, kiangazi juu panayeyuka kidogo, maji hayana pa kwenda panakuwa matope na madimbwi, na mti mkubwa hauwezi kuteremsha mizizi.

Ticha_Kasese

Ndugu zangu nimerudi, wiki mbili na zaidi zimepita. Fundi mmoja hapa mjini amenipa mita kila Jumatano na amekataa pesa. Mabeseni tuliweka nyuma ya jiko. Saa nane mchana mchanga ulikuwa 47, udongo wenye majani 31. Asubuhi nilikuja na watoto sita wanaokaa karibu, bado giza, mmoja ameshika tochi ya simu: mchanga 18, udongo 21. Yule aliyeshika tochi akasema ticha, mchanga umekuwa baridi kuliko msitu! Akaandika mwenyewe, sikumwambia kitu. Zile namba za zamani za chupa hatukuzifuta, tumeandika pembeni kwa nini zilitoka vile.

Bakuli la friza maji yalibaki juu kweli mpaka barafu ilipoanza kulegea.

Kingine hiki nimekipata kwa mzee mmoja aliyekuwa akibebea wageni mizigo huko mlimani, alikuja darasani akasema senesio haidondoshi majani yake makavu, yanabaki yameshika shina kama koti. Tukajaribu. Chupa mbili za nusu lita, maji ya digrii 50, moja tukaifunga majani makavu ya mgomba, nyingine tukaiacha uchi. Baada ya dakika 40 iliyo uchi 36, yenye koti 42. Darasa lilipiga kelele mpaka P.6 wakaja dirishani.

Swali lililobaki ni la mtoto, nimeshindwa: kama juu kule kuna baridi kama tundra, mbona tundra haina lobelia kubwa?

MwlMstaafu_Fort

Swali zuri sana hilo. Rwenzori baridi inakuja kila usiku na kila mchana inaondoka, mwaka mzima hivyo hivyo, kwa hiyo mmea ukivaa koti unavumilia usiku mmoja halafu jua linatoka. Siberia giza na baridi ni miezi. Mmea mrefu ungekaa nje ya theluji muda wote huo unakaushwa na upepo, ndiyo maana ya kule ni mifupi, imelala chini. Kama mwenye duka hajachoka, weka ile chupa yenye koti kwenye friza, iache siku tatu, halafu uwaoneshe kama koti limesaidia.

Ticha_Kasese

Jumatano naipeleka.