Naomba ushauri: umeme ukikatika kutwa nzima samaki wa tangi nawaokoaje?

Wakuu habarini, nina tangi la goldfishi na gurami hapa Tabata, umeme ukikatika pampu na filta zinazima, baada ya muda goldfishi wote wako juu wanahema. Shemeji yupo Kanada anasema kwao winta umeme ukikata wanafunika tangi na mablanketi maji yasipoe, sasa kwa joto la Dar si ntapika supu jamani, maji ya moto ndo hayashiki oksijeni nyingi. Kwa sasa nachota na kikombe namwagia kutoka juu, chakula nimesitisha kisije kikaoza kikaleta amonia, ile sumu ya samaki. Gurami yeye hana presha, anajivutia hewa juu. Ninunue pampu ya betri au inveta ndogo? Na filta ikishazima masaa mengi niisuuze kwanza ndo niwashe?